UZI: Siku ya pauda mlimani, una masaa mawili tu (kwa wenye ndugu wanaokwenda nchi za theluji)

Mtoa uzi (Nkuhungu, Dodoma)

Wakuu habari zenu. Usiku wa kuamkia leo mvua ya kwanza imepiga huku kwetu, imeanza kama saa nane na upepo wake, na kabla hata ya adhana nimesikia majirani wanatoka na majembe na mbegu za uwele, hamna aliyengoja chai. Mkulima wa Dodoma anajua ardhi ikilowa leo ana siku chache tu za kuifaidi kabla jua halijaigeuza tofali. Nimesimama dirishani nikakumbuka kitu nilichoahidi muda mrefu kukiandikia uzi.

Nilisoma masters Salt Lake City, Utah, miaka miwili, na huko ndo nilijifunza skii, yani kuteleza kwenye theluji na mbao mbili ndefu zilizofungwa kwenye buti. Juzi mdogo wetu mmoja hapa mjini kapata nafasi ya kwenda kusoma huko huko, na najua humu kuna watu wana watoto au ndugu Kanada, Japani, Uswisi. Watapelekwa mlimani na wenzao, na watapelekwa siku ile ambayo kila mtu anaitaka, wenyewe wanaiita siku ya pauda. Naomba wasiende kama nilivyoenda mimi.

Pauda ni theluji mpya iliyoshuka usiku, kavu, nyepesi, haijakanyagwa na mtu. Chota unga wa uwele uliotoka mashineni uone unavyopita katikati ya vidole, halafu uufikirie mwepesi kuliko hivo mara nyingi. Kipimo chake ni maji. Theluji nzito sentimita 10 zikiyeyuka unapata maji sentimita 1, pauda nzuri inataka sentimita 15 mpaka 20 kukupa hiyo hiyo 1. Ndo maana ukipita inaruka mpaka kifuani kama vumbi letu la mwezi wa tisa, na skii hazitoi sauti. Siku za kawaida zinakwaruza kama koleo kwenye zege, siku hiyo unasikia pumzi yako tu. Kuna asubuhi nilisimama katikati ya mteremko bila sababu yoyote, nasikiliza tu.

Tabu yake ni kwamba haikai. Lifti, yani viti vinavyoning'inia kwenye waya kupandisha watu mlimani, zinafunguliwa kama saa 3 asubuhi, ikifika saa 5 kila sehemu nzuri inayoonekana ukiwa umekaa kwenye kiti cha lifti imeshachanwachanwa. Sisi tuna neno kuberega, watu wa Chamwino na Bahi mnalijua, mtu anakwangua majani juu juu, anatupia mbegu bila kulima, anahamia pengine. Siku ya pauda watu wengi wanaberega mlima. Wanakimbilia lifti kubwa ya kileleni, wanasimama foleni dakika 40, wanashuka mara moja njia ya kila mtu, wanarudi foleni. Ushauri wangu mkubwa kwenye uzi huu wote ni huo, chagua kipande kimoja cha mlima unachokijua, ukilime.

Na siku yenyewe inaamuliwa usiku wa kabla. Buti zilale ndani ya nyumba sio kwenye gari, manake plastiki ikipoa inakakamaa na mguu hauingii, utapoteza nusu saa parking unahangaika nazo. Glavu pea mbili. Nguo ya ndani isiwe ya pamba kabisa, pamba ikinywa jasho inakaa nalo na ukipanda lifti upepo unakupiga unatetemeka mpaka meno, vaa sufu au zile nyepesi za michezo. Suruali ya jeans ndo usithubutu. Mfukoni weka kitu cha kula, mi nilikuwa na karanga na chapati imekunjwa, kwasababu siku hiyo hamna kukaa mgahawani saa 5, unatafuna kwenye lifti, chakula cha kukaa mezani utakula saa 8 wakati pauda imeshaisha. Halafu saa 11 alfajiri unaangalia ripoti. Vituo vingi vya skii vina kamera inayotazama kijiti cha kupimia kilichosimama kwenye ubao, jioni wanaufagia, asubuhi unajionea mwenyewe imepanda sentimita ngapi.

Ngoja nijiandae kwenda kazini Mtumba, ntarudi jioni na sehemu ya mlimani.

Mdau wa Ipagala

Niko hapa mkuu nasubiri. Swali la haraka, kwani Kilimanjaro yetu watu hawawezi kuteleza? Na gharama ikoje?

Mtoa uzi

Nimerudi. Mdau wa Ipagala, Kilimanjaro barafu ipo juu kabisa kwenye mita 5,000 na ushee, hamna lifti wala miteremko iliyotengenezwa, na barafu yenyewe inapungua. Afrika ukitaka kituo chenye lifti kuna Oukaïmeden kule Moroko na kuna Afriski Lesotho, hiyo ya Lesotho ipo zaidi ya mita 3,000, msimu wake ni Juni mpaka Agosti, na sehemu kubwa ya theluji wanaitengeneza kwa mashine. Ni pazuri pa kujifunzia. Pauda usiitegemee.

Gharama Marekani tiketi ya siku moja vituo vikubwa inaweza kupita dola 200 ukinunua pale dirishani siku hiyo hiyo. Wanafunzi wanapata pasi ya msimu mzima kwa bei ya chini sana ukilinganisha, ila inanunuliwa mapema kabla baridi haijaanza. Vifaa nunua mtumba, isipokuwa buti, buti kapimwe dukani.

Sasa njia. Salt Lake City yenyewe ipo kama mita 1,300 toka usawa wa bahari, haipishani sana na Dodoma, na hewa yake kavu hivi hivi, midomo kupasuka utajisikia nyumbani. Milima ya Wasatch imesimama pembeni ya mji kama Mlimwa ilivyosimama hapa ila mara nyingi zaidi, na ndani ya bonde moja linaitwa Little Cottonwood kuna vituo viwili, Alta na Snowbird. Alta imefunguliwa 1939 na mpaka leo hawaruhusu snoubodi (ubao mmoja wa kusimamia miguu yote miwili), ni skii tu. Inashuka theluji zaidi ya mita 12 kwa msimu wa kawaida, na msimu wa 2022 kuingia 2023 Alta ilipita inchi 900, yani karibu mita 23. Nilikuwa naifikiria hiyo sana mi mtu wa Dodoma. Sisi mwaka mzima tunapata mvua milimita 500 na kitu, tunachimba visima Mzakwe, wao maji yao yanakaa juu ya mlima yamelala meupe mpaka kiangazi ndo yanashuka taratibu kwenye mabomba ya mji. Wanayalinda kiasi kwamba mbwa haruhusiwi kuingia lile bonde. Nilipojua hilo nikaanza kuiangalia theluji kwa heshima nyingine.

Barabara ya kupanda ni moja, na juu yake kuna njia nyingi za maporomoko ya theluji. Ikishuka nyingi usiku wanaifunga mpaka waporomoshe kwanza, kwa miongo mingi walitumia mizinga ya jeshi kabisa. Kuna nyakati walio juu hotelini hawaruhusiwi hata kutoka nje ya mlango, ni sheria. Kwahiyo panda basi, usiende na gari dogo la matairi ya kawaida, na uwe kituo cha basi saa 12 asubuhi. Ukichelewa dakika 20 hapo unaweza kupoteza masaa mawili mbele ya safari, na masaa mawili ndo siku nzima.

Umefika. Mlima haufunguliwi wote kwa pamoja, hapa ndo wageni wengi wanapotea. Watu wa patroli, yani walinzi wa usalama wa mlima, wanatoka gizani kurusha baruti kwenye miteremko mikali ili theluji ishuke wakati chini hamna mtu, mlio unakugonga kifuani kama radi ya Januari. Wakiridhika wanashusha kamba ya kuzuia watu kipande kimoja, baadae kingine. Aliyesimama foleni ya lifti ya juu tangu saa 2 anaweza kufika saa 4 na nusu bado haijafunguliwa. Wewe muda huo panda ile lifti ya chini ya zamani isiyo na watu, pauda ya kule chini ni ile ile, utakuwa umeshashuka mara tano au sita. Kisha sogea karibu na kamba ambayo haijashushwa, usimame. Kamba isiyoshushwa usiivuke hata kama unaona nyayo za watu zimepita. Ile kamba ipo pale kwasababu kuna mtu ameangalia mteremko ule akaona bado haujatulia.

Juu ya wapi pauda inakaa muda mrefu, tafuta kivuli. Kule kaskazini mwa dunia miteremko inayotazama kaskazini haipigwi jua, saa 7 mchana bado unga, ile ya kusini imeshafanya ganda kama uji uliosahaulika. Upepo nao unahamisha, upande unaopigwa unabaki mgumu, upande wa kujikinga unapokea yote, na kuna vijibonde ulipita saa 3 ukirudi saa 5 upepo umeshakujazia tena. Na kama bado inashuka, mwanga unakufa, huoni kilima wala shimo, kila kitu cheupe. Nenda kwenye miti. Mashina yanakupa macho.

Kuteleza kwenyewe, uzito uwe katikati ya mguu. Utaambiwa kaa nyuma, ukikaa nyuma mapaja yanawaka ndani ya nusu saa na siku imeisha. Miguu ikaribiane, skii mbili zifanye kazi kama moja, ukiegemea moja inazama yenyewe na wewe unafuata. Tafuta mteremko mkali kidogo kuliko uliouzoea, pauda inakuzuia, kwenye tambarare utakwama unatembea. Kona uikate taratibu. Skii zenyewe azima au kodi za upana wa milimita 100 na zaidi katikati, zile nyembamba za kwenye njia ngumu zinazama.

Na nisimulie hili. Mwaka wangu wa kwanza, Februari, kituo sikitaji, imeshuka kama sentimita 40. Nikaanguka, skii ya kushoto ikachomoka. Nikaanza kuitafuta pale nilipokuwa nimelala na chini yangu, nachimba kwa mikono, watu wanapita pembeni wanashangilia, dakika 50 zimeenda, nalia kabisa. Mzee mmoja wa pale akasimama juu yangu, kama mita nne juu, akageuza fimbo yake ya skii akaanza kuichoma kwenye theluji akiikokota kwa mistari ya kukingama mlima, mstari baada ya mstari, kama fundi anayetafuta bomba lililofukiwa. Mstari wa tatu ikalia tak. Skii inabaki pale ulipoanzia kuanguka, mwili ndo unaendelea chini. Akanionyesha pia namna ya kuinuka, manake ukikandamiza mkono kwenye pauda mkono unazama mpaka bega, unalaza fimbo mbili juu ya theluji kwa msalaba unakandamiza katikati pale zinapokutana. Msimu uliofuata nilifunga utepe mrefu mwekundu kwenye kila skii nikauficha ndani ya suruali, ikichomoka unaona utepe.

Mdau aliyeko Kanada (mzaliwa wa Mpwapwa)

Kaka uzi mzuri, umenikumbusha mbali. Ila nakupinga sehemu mbili.

Kwanza hilo la kuanza chini. Kwenu Utah sawa, chini ya kituo tayari upo mita 2,600. Mimi niko British Columbia, Whistler kijiji kipo chini ya mita 700, mara nyingi kijijini inanyesha mvua kabisa na juu inashuka pauda. Ukianza chini huku utalima tope. Mtu aangalie joto la chini kabla hajaamua.

Pili umewapeleka watu kwenye miti ukawaacha huko. Hujasema mashimo. Chini ya mti wa msonobari matawi yanazuia theluji isijae kwenye shina, kwahiyo pembeni ya shina kunabaki shimo lililofunikwa na unga laini, huwezi kuliona. Mtu akianguka kichwa kinatangulia, theluji inamwagika inamfunika, anakosa hewa akiwa mita mbili kutoka njia ya watu. Walifanya majaribio Marekani na Kanada, watu wakawekwa kwenye mashimo hayo kwa kusimamiwa, 9 kati ya 10 walishindwa kujitoa wenyewe. Rekebisha hapo ndugu yangu, kuna watu watakusoma wakaenda.

Mtoa uzi

Ndugu wa Mpwapwa asante sana, na uko sahihi kwa yote mawili. Hilo la mashimo nilipaswa kuliandika kabla ya neno miti. Nimekosea.

Mama wa Kondoa

Wanangu habari za jioni. Mimi ni mtu mzima niko Kondoa, nimetumiwa huu uzi na binti yangu. Kaka yake yuko Sapporo kule Japani mwaka wa kwanza wa masomo, jana kanitumia picha kavaa hayo mabuti makubwa anacheka, anasema Jumamosi wanaenda na wenzake sehemu inaitwa Niseko. Nimesoma hapo kwenye miti nimekosa usingizi. Niambieni ukweli, nimzuie?

Mtoa uzi

Mama shikamoo. Nimesoma ujumbe wako mara mbili kabla ya kujibu.

Usimzuie mama. Mamilioni ya watu wanateleza kila mwaka wanarudi nyumbani, watoto wadogo kabisa wakiwemo. Ila akienda bila kujua haya tunayoyasema hapa ndo inakuwa hatari, kwahiyo mpigie simu umsomee.

Huko alipo ni moja ya sehemu zenye theluji nyingi nzuri duniani. Upepo wa baridi unatoka Siberia, unavuka Bahari ya Japani unabeba unyevu, ukigonga milima ya Hokkaido, kisiwa alichopo kijana wako, unaumwaga wote, na mwezi wa kwanza unaweza kumwaga siku kwa siku bila kupumzika. Kwahiyo yeye hana haja ya kukimbilia sehemu ngumu, pauda itamfuata kwenye miteremko rahisi ile ile ya kujifunzia. Mwaka wa kwanza abaki hapo. Kwenye miti asiingie bado.

Siku akiingia, aingie na mwenzake mmoja, na wawe wanaonana kwa macho muda wote, sio kusema tutakutana chini. Hili watu wanalisema wote na wachache wanalifanya, pauda inawatia wazimu kila mtu anakimbia na mstari wake. Filimbi iwe imening'inia kwenye zipu karibu na mdomo, sio ndani ya begi. Kamba za fimbo azitoe mkononi akiwa kwenye miti, zikinasa zinamshika. Akae mbali na shina. Akihisi anadondoka kuelekea mti akumbatie shina au tawi lolote, na kama kichwa kimeshaingia asihangaike kwa nguvu, kila akijitikisa theluji nyingine inashuka, atengeneze nafasi mbele ya mdomo na pua kwa mkono, apige filimbi. Na mwenzake asiende kutafuta msaada kwanza, dakika zinazohesabika ni zile za mwanzo, apige kelele hapo hapo huku anachimba kutokea pembeni kuelekea uso.

Niseko wana mageti ya kutoka nje ya eneo la kituo, yanafunguliwa na kufungwa kulingana na hali ya siku. Mwambie mama amesema geti lolote, hata likiwa wazi, mwaka huu hapiti. Nje ya mageti mtu anatakiwa awe na kifaa cha mawimbi mwilini, wote dunia nzima wanatumia kilohezi 457 ili mwenzako akutafute ukifukiwa, na fimbo ndefu ya kupekulia, na koleo, na awe amefundishwa kuvitumia. Akifukiwa na maporomoko akatolewa ndani ya dakika 10 mara nyingi anapona, ikifika nusu saa wengi wanakuwa wameshaondoka. Kijana wa mwaka wa kwanza hana kazi huko.

Mdau aliyeko Kanada

Mama shikamoo. Naongezea moja tu, miwani. Asiiweke kwenye paji la uso au juu ya kofia akiwa anapumzika, jasho linaingia ndani inafanya ukungu na haoni tena siku nzima. Ikiingia theluji aipanguse kwa kuigusa gusa na kitambaa laini, akiisugua utando wa ndani unatoka. Na kioo kiwe cha njano au waridi, kile cheusi ni cha siku ya jua.

Mdau wa Ipagala

Mtoa uzi, hapo kwenye kuchagua kipande kimoja, mgeni ambaye hajawahi kufika atakijuaje?

Mtoa uzi

Swali zuri mkuu. Aende siku moja kabla, siku ya kawaida isiyo na theluji mpya, azunguke taratibu. Aangalie lifti ipi haina watu, mti upi umejitenga, kijibonde kipi kimejificha nyuma ya kilima ambacho kwenye lifti hakionekani, mawe yako wapi manake kesho yatakuwa yamefunikwa na sentimita chache tu. Mi kipande changu kilikuwa upande wa kushoto wa lifti moja ya watu wawili watatu, upana wake kama shamba la ekari mbili, watu walikuwa wanapita juu yake kila dakika bila kugeuza shingo. Siku za pauda nilikuwa nashuka pale tu, natoka kulia kwenda kushoto, kila mara nasogea upana wa mwili wangu, sivuki mstari wangu mwenyewe, kama mtu anayepanda kwa kamba. Saa 6 watu wanalalamika pauda imekwisha mi bado nina theluthi nzima haijaguswa.

Mama wa Kondoa

Nawashukuru sana wanangu, Mungu awabariki. Nimempigia, nimemsomea yote, ya filimbi nimerudia mara tatu. Amenisikiliza vizuri. Kanijibu saa hii kwa maandishi, anasema mama mwambie huyo kaka wa Nkuhungu kwamba tumekubaliana na mwenzangu wa Nepali hatuachani, na filimbi tumenunua mbili.